Kununua Katika Maduka ya Hisani Ukiwa Safarini Ng'ambo

Msafiri anayefika katika nchi ya baridi akiwa na sweta moja jepesi huyatambua makosa yake kabla hajatoka katika kituo cha treni. Koti zito alilolihitaji lingejaza nusu ya sanduku, na akilinunua jipya litamgharimu fedha nyingi kwa matumizi ya siku kumi tu. Hapo ndipo duka la hisani linapomfaa. Atapata koti lililokwisha kuvaliwa na mwenyeji, linaloendana na baridi ya mahali hapo, kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Na siku ya kuondoka ataweza kulikabidhi kwa duka lilelile, au jingine la aina hiyo, ili liuzwe tena. Mwongozo huu umeandikwa kwa msafiri wa namna hiyo, anayelitumia duka la hisani kama kabati la kuazima. Yeyote anayekusudia kurudi nyumbani na kila alichokinunua atafaidika pia, ila ajiulize mapema swali ambalo kaunta haitamuuliza: kitu hiki kitatumika wapi, na kitaishia wapi?

Kulijua duka na mwenye duka

Duka la hisani huuza vitu vilivyotolewa bure na watu, na mapato yake huingia katika mfuko wa shirika linaloliendesha. Utaratibu huu ni wa siku nyingi. Goodwill ya Marekani ilianzia Boston mwaka 1902, pale mchungaji wa Kimethodisti Edgar J. Helms alipokusanya nguo na vyombo ambavyo matajiri hawakuvihitaji tena, akawaajiri maskini wavitengeneze na kuviuza. Oxfam, iliyoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942 ili kuwafikishia misaada watu waliokumbwa na njaa wakati wa vita, ilifungua duka katika mtaa wa Broad Street mwishoni mwa muongo huohuo, na mteja anaweza kuingia humo hata leo. Jeshi la Wokovu lina maduka katika nchi nyingi, lakini si lazima uone jina hilo mlangoni, kwa kuwa nchini Uswidi maduka yake huitwa Myrorna na nchini Norwei huitwa Fretex. Ufaransa ina Emmaüs, vuguvugu lililoanza mwaka 1949, lenye jumuiya ambamo watu waliokosa makazi huishi pamoja na kujipatia riziki kwa kukusanya, kukarabati na kuuza vitu vilivyotumika.

Unapotafuta kwenye ramani ya simu, jina la jumla la maduka haya ndilo litakalokusaidia, na jina hilo hubadilika kila unapovuka mpaka. Uingereza andika charity shop, Marekani na Kanada andika thrift store, Australia na New Zealand andika op shop, na Uholanzi andika kringloopwinkel. Ukiandika neno la Kiingereza katika nchi isiyotumia lugha hiyo, ramani itakuletea zaidi maduka ya nguo za kale zilizoteuliwa kwa ajili ya wapenda mitindo, ambayo bei zake ni za juu na hayana uhusiano wowote na hisani.

Ni vyema pia kufahamu kwamba si kila duka la mitumba lenye sanduku la kupokelea misaada ni mali ya shirika la hisani. Savers na Value Village, kwa mfano, ni maduka ya kampuni ya kibiashara inayonunua mizigo iliyokusanywa na mashirika ya hisani. Shirika hulipwa kwa mzigo wake, na faida ya kile unachonunua wewe hubaki kwa kampuni. Hakuna ubaya wowote kununua humo, mradi tu usidhani kwamba umetoa sadaka kumbe umefanya manunuzi ya kawaida. Kwa upande wa England na Wales, shirika la hisani lililosajiliwa huwa na namba inayoweza kuhakikiwa katika daftari la Tume ya Mashirika ya Hisani, ambalo liko wazi kwenye intaneti. Mahali pengine swali moja kwa mhudumu linatosha: mapato ya duka hili yanakwenda wapi? Mtu anayefanya kazi ya kujitolea hufurahi kulijibu, na mara nyingi jibu lake huwa refu kuliko ulivyotarajia.

Mtaa, siku na saa

Vilivyomo dukani hutegemea watu wanaoishi karibu nalo, kwa kuwa watu wengi hupeleka vitu vyao kwenye duka lililo karibu na nyumbani. Mtaa wa wakazi wenye uwezo hutoa makoti ya sufu, viatu vya ngozi na mashati ambayo hayajavaliwa zaidi ya mara mbili. Mji wa chuo kikuu, hasa wakati wanafunzi wanapofunga mwaka na kuhama mabweni, hufurika sufuria, taa za mezani, mashuka na vitabu vya kiada. Miji midogo ambayo wastaafu hupenda kuhamia ina vyombo vya kauri, masweta yaliyofumwa kwa mkono na riwaya kwa mamia. Duka lisilo na tija kubwa kwa msafiri ni lile lililo katikati ya eneo la watalii, ambako wauzaji wa nguo za kale hupita mapema kuchambua vilivyo bora na bei nazo hupangwa kwa kuzingatia mfuko wa mgeni. Panda basi vituo vitano au sita kutoka kwenye makumbusho makuu, utaona tofauti.

Saa za kufungua zihakikishe kabla ya kutoka, kwa sababu maduka mengi huendeshwa na watu wanaojitolea na hayafungui kwa saa ndefu kama maduka makubwa. Uingereza mengi hufunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Ujerumani maduka hufungwa siku ya Jumapili kwa mujibu wa sheria. Maghala ya Emmaüs mara nyingi hufunguliwa alasiri chache tu kwa wiki, na kwa kuwa baadhi yake yako nje ya mji, kufika na kukuta lango limefungwa ni hasara ya nusu siku.

Ingia ukiwa na orodha fupi, isiyozidi vitu vitatu, na muda uliouwekea mpaka. Mimi hujipa dakika arobaini. Baada ya hapo jicho huchoka, na mtu aliyechoka huanza kununua vitu kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya haja.

Kukagua kwa mikono

Taa za dukani huficha mengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaguzi ni kazi ya mikono na pua. Tuchukue lile koti la sufu. Litoe kwenye hanga, kwa maana nguo iliyotundikwa huficha kasoro zake katika mikunjo, kisha lipeleke karibu na dirisha, ulishike mabegani na kuliinua ili mwanga upite nyuma yake: matundu ya nondo, ambayo lilipokuwa limetundikwa yalionekana kama punje za vumbi, yatang'aa kama nyota. Geuza kola uone kama ina mstari wa jasho. Geuza kwapa uone kama bitana imefumuka au imebadilika rangi. Vuta kwa upole pande mbili za mshono wa bega uone kama nyuzi zinaachia. Zipu ifunge na kuifungua mara tatu, tena ukiwa umelivaa koti, kwa sababu zipu inayopanda vizuri mezani inaweza kuachia katikati pindi mwili unapoisukuma kutoka ndani. Hesabu vifungo, na kama kimoja kimepotea tazama mshono wa ndani wa ubavuni, karibu na lebo, ambako watengenezaji wengi hushikiza kifungo cha akiba. Mwisho ingiza mkono katika kila mfuko hadi pembeni kabisa, ujue kama umetoboka. Katika mfuko wa ndani wa koti nililowahi kulinunua nilikuta tiketi ya treni iliyokunjwa mara nne, ya safari iliyofanyika miaka kumi na miwili kabla ya siku hiyo, na kwa ushahidi huo nikajua kwamba koti lile halikuwahi kuonana na dobi kwa kipindi chote hicho.

Halafu linuse. Harufu ya kabati, yaani ile ya mbao na vumbi, hutoka kwa kuanika nguo upepeni siku moja au mbili. Harufu ya sigara huhitaji uvumilivu zaidi. Harufu ya ukungu, inayokaa puani kama ya chumba kilichofungwa kipindi cha mvua, iache hukohuko dukani, kwa sababu msafiri hana kamba ya kuanikia wala nafasi ya kufua mara tatu, na nguo hiyo ikilala usiku mmoja ndani ya sanduku itaziambukiza nyingine zote.

Kwa masweta, soma lebo ya kitambaa na kisha livute sweta lenyewe. Sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto hurudi na kuwa nzito, nyuzi zake zikishikana mithili ya zulia, na hakuna namna ya kuirejesha ilivyokuwa. Sweta likikataa kunyumbuka mkononi, limekwisha kuharibiwa na mwenye nalo wa kwanza, na huenda ndiyo sababu lipo hapo. Vifundo vidogo vinavyojitokeza juu ya kitambaa si tatizo, kwani huondolewa kwa wembe wa bei ndogo. Mpira wa kiunoni unaotoa mlio wa kukatika unapovutwa umekauka, nao hautarudia hali yake.

Viatu vinahitaji uangalifu wa pekee, na jambo hili nilijifunza kwa gharama. Nilinunua viatu vya kupandia milima katika duka moja kwenye mji mdogo ulio chini ya safu ya milima. Ngozi yake iling'aa na meno ya soli hayakuwa yamelika hata kidogo, nikadhani nimeokota dhahabu. Siku ya pili, nikiteremka njia yenye utelezi, soli ya kulia ilianza kumeguka vipande vipande kama tope lililokauka, na kilomita nne za mwisho nilizitembea nikiwa nimeifunga kwa kamba ya mkoba. Kumbe tabaka laini lililo kati ya ngozi na soli ya chini mara nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, na dutu hiyo huvunjwa polepole na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakivaliwi. Kwa kweli kiatu kilichokaa kabatini miaka kumi bila kutembelewa kinaweza kuwa na hali mbaya kuliko kile kilichovaliwa kila wiki. Kwa hiyo kiatu chenye sura ya upya lakini mtindo wa kale kikutie shaka. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba, kisha kipinde kiatu kwa nguvu katika sehemu ya vidole: ukiona nyufa au unga, au alama ya ukucha isiyorudi, kirudishe rafuni. Mikoba na majaketi ya ngozi bandia yaliyopakwa dutu hiyohiyo hupatwa na maradhi hayo, ila yenyewe hubambuka kama ngozi iliyoungua na jua, na hakuna gundi wala rangi inayoweza kuyatibu.

Vyombo vya kioo na kauri vipigepige kwa kucha. Chombo kizima hutoa mlio wa wazi unaodumu kidogo, na chenye ufa, hata usioonekana, hutoa mlio mfu. Pitisha kidole ukingoni pia. Vyombo vya kauri vya zamani vyenye rangi kali vinaweza kuwa na madini ya risasi katika rangi au katika king'arishi chake, kwa hiyo kama hujui asili yake vitumie kwa mapambo, usilie chakula wala kunywea humo.

Umeme ni suala la volti zaidi kuliko la umbo la plagi. Marekani na Kanada hutumia volti 120, Japani volti 100, na nchi za Ulaya volti 230. Chaja ya simu au ya kompyuta yenye maandishi ya INPUT 100–240V itafanya kazi popote ukiipatia adapta ya plagi. Birika, pasi au kikausha nywele kilichotengenezwa kwa volti 120 kitaungua kikichomekwa kwenye volti 230, na adapta haitakiokoa, kwani inabadilisha umbo la miguu ya plagi tu. Omba ukionjeshe kifaa umeme palepale dukani. Maduka mengi ya Uingereza hupima usalama wa vifaa kabla ya kuviuza na kuvibandika kibandiko cha kuthibitisha hivyo, kikikosekana, uliza.

Namba za saizi

Namba iliyo kwenye lebo ni lugha ya nchi ilikotoka nguo, na dukani humo nguo za nchi kumi huchanganyika kwenye reli moja. Gauni la saizi 12 ya Uingereza hukaribiana na saizi 8 ya Marekani na saizi 40 ya Ujerumani. Kiatu cha kiume cha 8 Uingereza hukaribiana na 9 Marekani na 42 katika nchi nyingi za Ulaya. Isitoshe, namba hizo zimekuwa zikilegezwa kadiri miaka inavyokwenda, hata nguo ya saizi 12 iliyoshonwa nusu karne iliyopita ikawa ndogo waziwazi kuliko saizi 12 ya leo. Njia ya kuaminika ni kubeba futi ya kamba ya fundi cherehani na kuandika kwenye simu vipimo vinne vya nguo zako zinazokukaa vyema: upana kutoka kwapa hadi kwapa, urefu wa mkono, upana wa kiuno na urefu wa mguu wa ndani. Nguo ilaze kwenye meza, ipime, linganisha. Utashukuru kwa hilo hasa katika maduka yasiyo na chumba cha kujaribia.

Vya kuacha rafuni

Kofia ngumu ya pikipiki au baiskeli iliyotumika usiinunue, hata ikiwa haina mkwaruzo, kwa sababu tabaka la ndani hufyonza pigo mara moja tu na huwezi kujua kama tayari limepigwa. Kiti cha gari cha mtoto nacho ni hivyohivyo, na maduka mengi yenyewe hukataa kuvipokea vitu hivyo viwili. Vipodozi vilivyofunguliwa havihitaji maelezo.

Kundi jingine ni la vitu vilivyotokana na wanyama walio hatarini. Bangili ya pembe ya ndovu, kitana cha gamba la kasa au mkoba wa ngozi ya mamba unaweza kuwa umekaa dukani kwa nia njema, katikati ya vito vya plastiki, kwa sababu mtoaji alirithi kisanduku kizima bila kujua kilichomo. Uvushaji wa vitu kama hivyo hutawaliwa na mkataba wa CITES, uliosainiwa mwaka 1973, na kuvibeba bila kibali kunaweza kukufikisha mbele ya sheria mpakani hata kama una risiti. Uingereza imekwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku karibu biashara yote ya pembe za ndovu kupitia sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Ukikutana na kitu cha namna hiyo, mjulishe mhudumu kwa faragha, atakushukuru.

Kwenye kaunta

Tabia ya kupatana bei haina nafasi katika maduka mengi ya hisani, na mgeni anayeianzisha humfedhehesha mzee aliyejitolea alasiri yake kusimama hapo. Isipokuwa umegundua kasoro ambayo aliyebandika bei hakuiona: ionyeshe, uliza kwa upole kama bei inaweza kutazamwa upya, na lolote atakalojibu lipokee. Katika maduka mengi ya Marekani punguzo lipo, ila hufuata rangi ya kitambulisho cha bei. Rangi moja hupunguzwa bei kwa siku au wiki fulani, na tangazo lake huwekwa mlangoni au kaunta. Huko Marekani kumbuka pia kwamba katika majimbo mengi kodi ya mauzo huongezwa wakati wa kulipa, ilhali Uingereza bei iliyoandikwa ndiyo bei kamili. Wala usisumbuke kuulizia marejesho ya kodi kwa watalii katika maduka ya hisani ya England, Scotland na Wales, kwa kuwa mpango wenyewe wa kurejeshewa kodi kwa bidhaa unazoondoka nazo ulikomeshwa huko mwanzoni mwa mwaka 2021.

Beba mfuko wako mwenyewe na fedha taslimu kidogo, na risiti itunze hadi mwisho wa safari, kwani ndiyo itakayomwonyesha ofisa wa forodha thamani halisi ya koti linaloonekana la kifahari.

Kabla ya kuvaa

Nguo uliyoinunua iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na usiitoe juu ya kitanda cha hoteli. Kunguni ndio sababu. Hujificha katika mishono, chini ya kola na hasa katika bitana za masanduku, na dalili yake ni vidoa vidogo vyeusi mithili ya ncha ya kalamu. Nguo za pamba na kitani zifue kwa nyuzijoto 60 za Selsiasi. Zisizostahimili maji ya moto ziweke kavu ndani ya mashine ya kukaushia yenye joto kali kwa nusu saa au zaidi, lakini soma lebo kwanza, kwa kuwa sufu na hariri huharibiwa na joto hilo. Kwa sufu, ukipata friji yenye barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne humo huua kunguni na mayai yao, na mabuu ya nondo pia huumia humo. Msafiri wa hoteli hapati friji ya namna hiyo kwa urahisi. Kwake dobi wa kusafisha kwa dawa ndiye suluhisho, na gharama yake iongezwe katika bei ya koti kabla ya kusema kwamba limepatikana rahisi.

Sanduku na mpaka

Safari nyingi za ndege za daraja la kawaida huruhusu sanduku la kilo 23, na kilo zinazozidi hutozwa fedha zinazoweza kuzidi thamani ya kila kitu ulichonunua. Vitabu ndivyo vinavyoponza watu, kwa kuwa kimoja ni chepesi na kumi ni mzigo. Kwa hiyo mizani ndogo ya kuning'iniza ni ya manufaa, na koti ni la kuvaa siku ya kusafiri, si la kupakia. Kikombe cha kauri kijaze soksi, ukifunge ndani ya sweta na kukiweka katikati ya sanduku, mbali na kingo zote.

Mpakani, jambo linalowashtua wengi ni udongo. Australia na New Zealand hukagua kwa makini viatu vilivyotumika, mahema na vifaa vya bustani, kwa kuhofia mbegu na wadudu waliojificha ndani ya tope lililokauka, na msafiri anatakiwa kuvitaja katika fomu ya kuingilia. New Zealand humtoza dola 400 za nchi hiyo papo hapo anayeshindwa kutaja kitu cha hatari, hata kama alisahau tu. Safisha soli kwa mswaki wa zamani hadi ndani ya kila mfereji, kisha taja. Anayetaja viatu safi huruhusiwa kupita navyo. Vikapu vya nyasi, sanamu za mbao zenye matundu na mito ya manyoya ya ndege navyo hukaguliwa kwa sababu hizohizo. Wingi pia huzungumza: suruali tano za saizi tofauti ni nguo za familia, lakini suruali thelathini zinaonekana kuwa ni biashara, na nchi kadhaa huzuia au hutoza kodi maalumu uingizaji wa nguo zilizotumika kwa ajili ya kuuza.

Kurudisha ulichoazima

Siku moja kabla ya kuondoka, chambua ulivyonunua na utenge vile ambavyo kazi yake imekwisha. Vifue, vikaushe kabisa na kuvikunja, kwa kuwa shirika hulipa kutupa kile kisichouzika, na nguo yenye unyevu huharibu mfuko mzima. Vipeleke wakati duka liko wazi na uvikabidhi mkononi mwa mhudumu. Mfuko unaoachwa mlangoni usiku hunyeshewa au hupekuliwa, na mahali pengine huhesabiwa kuwa ni utupaji haramu wa taka.

Uingereza utaulizwa kuhusu Gift Aid. Huo ni mpango unaoliwezesha shirika kudai kutoka serikalini peni 25 kwa kila pauni itakayopatikana kutokana na vitu vyako, lakini kwa sharti kwamba wewe ni mlipa kodi wa Uingereza. Mgeni asiyelipa kodi huko ajibu hapana, bila kuona haya, kwa sababu akitia saini atakuwa ameahidi kufidia kodi ambayo hakuilipa. Kisha, kabla ya kuuachia mfuko, pitisha mkono katika mifuko yote ya lile koti, ukianza na ule wa ndani, maana ndimo inamokaa tiketi ya treni ya kwenda uwanja wa ndege.